Weusi Unaong'aa: Asili ya Kazi ya Kufuta Mikwaruzo

Gari jeusi likiletwa kwangu kung'arishwa, kwanza nalitoa juani. Kivulini kila gari jeusi ni zuri. Juani ndipo zinapojitokeza zile nyuzi nyembamba juu ya boneti, zimelizunguka jua kama utando wa buibui. Wenye magari wengi huamini kuna mtu alisugua kwa kuzungusha mkono. Sivyo. Mikwaruzo imelala kila upande, ila jicho hupokea mng'ao wa ile tu iliyoukingama mwanga, basi tunaona duara. Gari jeupe linayo vilevile, lakini weupe wenyewe unarudisha mwanga mwingi kiasi kwamba mikwaruzo haitambuliki. Rangi nyeusi humeza mwanga, hivyo hata mkwaruzo mwembamba unaonekana.

Kazi ya kuzifuta nyuzi hizo ni kongwe kuliko gari lenyewe, na asili yake mimi naipeleka Japani. Huko mafundi waligema utomvu wa mti wa urushi, wakautia chuma ukageuka mweusi, wakaupaka kwenye masanduku na vyombo vya mbao, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka liliwekwa mahali penye unyevunyevu, maana utomvu huo hukomaa kwa unyevu wala si kwa jua. Rangi ikishakomaa ndipo kazi ilipoanza hasa. Walisugua kwa mkaa na maji mpaka uso ukawa sawa, wakamalizia kwa unga wa pembe ya kulungu na mafuta kidogo, kwa kidole na kwa kiganja. Ndiyo, kiganja kitupu! Kanuni yote tunayofanyia kazi leo ilikuwa tayari imekamilika hapo: mkwaruzo hauzibwi. Kinachofanyika ni kuupunguza uso unaouzunguka mpaka ulingane na kina chake, kwa kitu kikali kwanza, kisha kilaini, kisha kilaini zaidi.

Katika karne ya 17 meli za Waholanzi zilivitoa vyombo hivyo Nagasaki na kuvipeleka Ulaya, na Wazungu wakavitamani. Mti wa urushi hawakuwa nao, kwa hiyo wakaiga kwa vanishi zao. Mwaka 1688 Waingereza wawili, John Stalker na George Parker, walichapa kitabu cha kufundisha ufundi huo: masizi ndani ya vanishi, matabaka mengi, kisha kusugua kwa unga laini wa mawe. Watengenezaji wa magari ya farasi waliendelea na mtindo wa namna hiyo. Rangi ilipakwa kwa brashi, ikasuguliwa kwa jiwe la pamisi na maji, ikapakwa tena, na gari moja lilikaa wiki kadhaa kabla ya kukabidhiwa.

Henry Ford hakuwa na wiki kadhaa za kusubiri. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kiwandani likiwa jeusi tu, kwa rangi yenye lami ndani yake iliyookwa kwenye tanuri. Rangi ile ilikuwa rahisi na ya kudumu, na kwa kasi ile ya kiwanda fundi wa kiganja hakuwa na nafasi. Naiheshimu kazi ya Ford, lakini kwa upande wa weusi wenyewe naona ilirudi nyuma.

Kusugua kulirudi na Duco, rangi ya kampuni ya DuPont iliyotumika kwenye magari ya chapa ya Oakland ya mwaka 1924. Ilitokana na nitroselulosi, jamii moja na baruti, na ilikauka kwa saa badala ya wiki. Lakini ilikauka ikiwa imefifia, ikahitaji kusuguliwa kwa kompaundi ndipo ing'ae, na jua likaifubaza tena. Hapo ndipo wenye magari wenyewe waliposhika makopo ya polishi na nta, ikiwemo ile ya karnauba inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Magari ya enzi hizo ukiyasugua, kitambaa kilitoka cheusi: ulikuwa unakula rangi yenyewe, nayo ilikuwepo ya kutosha.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980, viwanda vilipoanza kuzoea kufunika rangi kwa tabaka angavu, ambalo mafundi tunaliita klia. Sasa kitambaa hakichafuki, na huo ndio mtego, kwa sababu huoni unachokipunguza. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Nyuzi za juujuu huondoka ukitoa maikroni chache. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha, huo uache.

Sehemu kubwa ya magari yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametumika Japani, nchi ya wale mafundi wa kiganja. Yakifika hapa yanakutana na ndoo moja, sabuni ya unga na tambara lililotoka kufuta rimu likapanda moja kwa moja kwenye boneti na mchanga wake. Kisha mwenye gari analipeleka kwa fundi, fundi anaanza na kompaundi kali kwa mashine ya kuzunguka, gari linang'aa siku hiyo, na baada ya miezi michache mzunguko unaanza upya.

Ndugu mwenye gari jeusi, nakuomba umwage maji ya kutosha kabla ya kugusa boneti, utenge kitambaa cha bodi na cha magurudumu, na umtake fundi aanze na polishi laini kwenye kipande kidogo kabla ya kugusa gari zima. Akileta msasa kwa ajili ya nyuzi za juujuu, mkatalie. Klia ikiisha hakuna polishi itakayoirudisha; gari litapigwa rangi upya, na gharama ni yako.