Awamu za mradi: somo kutoka bandari ya Lamu

Leo nazungumzia awamu za mradi, zile tulizokariri darasani: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga. Kwenye mtihani ni rahisi. Kazini ni mambo mengine.

Mwaka 1970 Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, alichora hatua saba zinazoshuka kama maporomoko ya maji: mahitaji juu, kuandika kodi katikati, majaribio karibu na mwisho. Watu wengi waliuchukua mchoro wakaacha maneno yake. Royce mwenyewe alionya kwamba kushuka hivyo moja kwa moja ni hatari, kwa sababu kosa la juu linaonekana wakati wa majaribio, pesa zimeshakwisha. Dawa mojawapo aliyoitoa ni kumshirikisha mteja mapema.

Sasa twende Kizingitini, mji wa wavuvi kisiwani Pate. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, alizindua ujenzi wa bandari ya Lamu katika ghuba ya Manda. Mpango ulikuwa gati 32. Ghuba hiyo hiyo ndiyo waliyoitegemea wavuvi wa visiwa vya Lamu. Kuchimba njia ya meli kubwa huchafua maji na kuharibu matumbawe, na mwenye chombo kidogo hawezi kuwafuata samaki bahari kuu.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka huo huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Tazama mpangilio huo. Swali la awamu ya kwanza kabisa, "nani ataguswa na mradi huu?", lilijibiwa katikati ya utekelezaji, tena na mahakama. Sisi wa programu tuna bahati: kodi mbovu unaifuta, unaandika upya. Sakafu ya bahari ikishachimbwa hairudi.

Fundi wa vyombo halazi mkuku kabla ya kumuuliza mwenyewe atavua wapi. Nasi tufanye hivyo. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda ukakae na mtu atakayeitumia kazi yako, na yule atakayeumizwa nayo.

Haya, kazi njema.