Kauboi Chini ya Mabati

Kabla kauboi hajaonekana katika nchi ya chai, alisikika. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti, alifika Kapkatet, pale Kericho inapokaribiana na Bomet, akarekodi muziki wa Wakipsigis. Kati ya nyimbo alizoondoka nazo, tatu zilikuwa na jina moja: Chemirocha. Uliovuma zaidi ni ule wa wasichana wanaoimba wakifuatisha kinubi, na anayesifiwa humo ni kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, anayealikwa kucheza mpaka nguo zimvuke. Chemirocha mwenyewe alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye santuri zake zilifika huku pamoja na gramafoni za Wazungu. Wakati huo alikuwa na miaka 17 kaburini. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35.

Kabla ya muziki, Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa breki. Lakini alihamia Texas, akavaa kofia pana, akaimba juu ya makauboi. Kijana mmoja aliyeanza kwa kumwiga, Gene Autry, ndiye Hollywood ilimpandisha farasi miaka ya 30, akawa nyota mkubwa wa kwanza kati ya makauboi waimbaji. Kwa hiyo wasichana wa Kapkatet walikuwa wameshamshika mkia mnyama huyu, hata kama shuka jeupe la sinema lilikuwa bado halijawafikia.

Naanzia hapo makusudi. Ukisoma yanayoandikwa juu ya picha za makauboi Afrika Mashariki, mara nyingi utakuta zinahesabiwa kuwa kasumba: vijana walidanganywa na kofia na bastola, basi. Sikubaliani. Mtu wa Kericho alikuwa na sababu zake za kukaa mpaka mwisho wa picha, na mbili zinapita nyingine zote. Alikijua kisa, na hakuhitaji kusikia maneno.

Tuanze na kisa. Chukua historia ya eneo hili tangu reli ya Uganda ilipopita Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ikielekea ziwani mwaka 1901. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilivamia Sotik, na sababu iliyotolewa ilikuwa ng'ombe: Wakipsigis wa huko walikuwa wamewapora Wamasai na hawakutaka kurudisha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za Kericho zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na wenzake, waliochukua kasi katikati ya miaka ya 20. Wenyeji walisukumwa kwenye rizavu. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo mmoja mzima, Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho. Mamia ya watu, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o.

Reli, ng'ombe wa wizi, wanajeshi, makampuni ya ardhi, watu wanaofungiwa kwenye rizavu. Mwandishi wa Hollywood angeongeza baa moja na sherifu mlevi tu, picha imekamilika. Red River ya mwaka 1948 ni safari ya kuswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas kwenda Kansas, na ugomvi wa baba na kijana aliyemlea kuhusu nani anajua kuwaongoza. Shane ya 1953 ni wakulima wadogo wanaotishwa na tajiri wa mifugo anayedai kwamba bonde lote ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Hoja ya nani alitangulia hakuna mtu wa Kericho anayehitaji kufafanuliwa.

Hapa kuna swali lisiloepukika: kwa nini basi watazamaji walimshangilia kauboi badala ya Wahindi Wekundu, waliofanana nao zaidi kwa yaliyowapata? Jibu langu ni la kishabiki kuliko la kisiasa. Sinema huchagua nani atapewa sura na jina, na nani atakuwa vumbi la kwato mlimani. Mtazamaji humfuata aliyepewa sura. Anaitwa steringi, na kanuni ya kwanza ya steringi kila mtoto aliyewahi kulipa kiingilio anaijua: hafi. Jambo hili halikuwa la Kericho peke yake. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wafanyakazi walimwita kila kauboi Jeke, wakampigia kelele za kumtia moyo. Huko Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville, vijana wa miaka ya 50 walijiita Ma-Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakagawana mitaa na kubuni lugha yao wenyewe.

Kinachochekesha ni kwamba wakuu wa ukoloni walikuwa wameamua kuwa Mwafrika haelewi sinema ya kasi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, nazo zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mwaka 1939 London ikaanzisha kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba picha za Waafrika ziwe za polepole, bila ujanja wa kamera, jambo moja kwa wakati. Kwa hiyo watu wakaonyeshwa jinsi ya kuchimba choo na kuweka akiba posta. Huku nyuma, wachimba shaba walikuwa wanafuata bila taabu picha zinazoruka kutoka kwenye farasi hadi kwenye treni hadi kwenye jicho la jambazi katika nusu dakika. Sijui filamu ya choo iliyowahi kushangiliwa.

Sasa sababu ya pili, ya masikio. Mashamba makubwa ya chai yalikusanya wachumaji kutoka kila upande: Wakipsigis wenyewe, Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, wote kwenye laini moja ya nyumba. Kiswahili kiliwaunganisha kazini. Kiingereza cha Texas kilikuwa cha wachache mno. Halafu kuna hali ya hewa. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na mvua ya mawe ya eneo hili inajulikana na wataalamu wa hali ya hewa duniani kote. Mvua yenyewe hupenda saa za alasiri, ikajivuta mpaka magharibi. Paa la ukumbi wa shamba, palipoonyeshwa picha, ni mabati. Aliyewahi kuwa chini ya mabati mawe yanapoanguka anajua kwamba hapo huwezi kumsikia hata jirani yako akikuomba njia, seuze mtu anayenong'ona kwenye spika ya projekta.

Wazee waliochuma chai enzi za kumbi hizo husimulia maonyesho ya Jumamosi jioni kwa namna inayofanana: benchi za mbao mbele kwa watoto, wakubwa wamesimama nyuma na makoti ya mvua mkononi, projekta ikinguruma katikati, wadudu wakielea kwenye mwanga wake. Mkanda ukikatika, miluzi. Mkanda ukirudi, kwa kawaida ulirudi mbele ya pale ulipokatikia, na anayedai kuijua picha aliwaeleza wenzake kilichorukwa, akiongeza chumvi. Picha ya mapenzi katika hali hii ilikufa kifo cha haraka, kwani watu wawili wanakaa sebuleni na kusema. Ya mahakamani hivyo hivyo. Ya kauboi ilisalimika. Mtu anaingia mlangoni, muziki wa kinanda unakoma, wacheza karata wanainua macho, mmoja anasogeza kiti. Mvua ipige itakavyo, kila mtu ukumbini ameshajua nani ataangushwa.

Na kama Wamarekani walianza kazi hiyo, Waitaliano ndio walioimaliza. Mwaka 1964 Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars, kisa alichokichukua kwa Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, akampa Clint Eastwood sigara, blanketi na maneno machache. Picha hizi za Kitaliano zilipigwa zaidi Hispania, hasa jangwa la Almería, na waigizaji wa mataifa mbalimbali: huyu anasema Kitaliano, yule Kihispania, yule Kiingereza, kila mmoja kwa lugha yake mbele ya kamera moja. Sauti zilibandikwa baadaye studio. Yaani hata waliokuwa kwenye picha wenyewe mara nyingi hawakuelewana kwa maneno. Ilibidi kisa kibebwe na macho, mikono na muziki wa Ennio Morricone. Picha ya namna hiyo ilikuwa imeshatengenezewa ukumbi wa Kericho bila aliyeitengeneza kujua.

Tazama mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly, ya 1966. Watu watatu wanasimama kwenye duara katikati ya makaburi. Askari wa Hispania waliyachimba kwa maelfu kwa ajili ya picha hiyo tu. Dhahabu imefukiwa chini ya kaburi mojawapo. Kila mmoja hana budi kuchagua nani wa kumpiga kwanza. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno. Leone anaanza kwa mbali, watu wakionekana wadogo kama punje, anasogea, anasogea tena, mpaka shuka lote linajaa jicho moja linalocheza kushoto na kulia, halafu vidole vinavyokaribia bastola, halafu jicho la mwingine. Tarumbeta inapanda. Unajikuta umeacha kutafuna. Risasi zenyewe zinachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na anayefyatua bure anagundua kwamba bastola yake ilitolewa risasi usiku uliopita. Kelele za hapo ni za wote, wa mbele na wa nyuma.

Katika picha za Kitaliano, Wahindi Wekundu karibu hawapo. Adui ni jambazi, tajiri, mkuu wa mji aliyenunuliwa. Nadhani hilo nalo lilipunguza uzito moyoni mwa mtazamaji wa rizavu, ingawa sina namna ya kumpima mtu moyo.

Django wa Franco Nero, 1966, anaingia mjini kwa miguu akiburuta jeneza kwenye tope. Tope! Makauboi wa Marekani walikuwa wa vumbi. Huyu anakwama matopeni kama lori la majani ya chai mwezi wa Mei. Lakini mwongozaji huyo huyo, Sergio Corbucci, alikuja kuikosea adabu kanuni ya steringi. Katika The Great Silence ya 1968, iliyopigwa theluji tupu, steringi ni bubu, na mwishoni anauawa pamoja na mpenzi wake na watu aliokuja kuwaokoa. Kulipigwa pia mwisho mwingine wa furaha, kwa kuogopa kwamba kuna masoko yasiyostahimili msiba huo. Ni picha nzuri sana, na singethubutu kuionyesha kwenye ukumbi wa watu waliolipa.

Hollywood nayo ilijaribu kumleta kauboi mwenyewe Kenya. John Ford, bingwa wa picha hizi, alikuja kupiga Mogambo mwishoni mwa 1952, wakati hali ya hatari imetangazwa juzi tu, lakini akapiga mapenzi na sokwe. Mwaka 1967 ikatoka Africa: Texas Style, iliyopigwa hapa nchini, ambamo makauboi wanaletwa kunasa wanyamapori kwa kamba ili wafugwe. Kuwafundisha ufugaji watu wa nchi hii! Haina uchungu wa Shane wala uhuni wa Django.

Kisha zikaja kanda za video, na ukumbi wa shamba ukanyang'anywa wateja na vibanda vya sokoni: televisheni moja juu ya meza, jenereta nje, mapazia ya gunia. Makauboi walianza kusukumwa pembeni na Bruce Lee na Rambo. Ila kibanda kilileta kitu kipya, msimulizi. Uganda walikuwa nao, Tanzania walikuwa nao, na Kenya akaibuka DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, akiwabatiza waigizaji majina ya hapa na kuwatilia midomoni maneno ambayo hawakuyasema kamwe. Wapo wanaoona huo ni uharibifu. Mimi naona ni kazi ile ile ya jamaa aliyeeleza kipande kilichokatika, isipokuwa sasa analipwa.

Anayetaka kuanza leo, picha zote hizi zikiwa zinapatikana kwenye simu, nisingempeleka kwa John Wayne. Ningempa They Call Me Trinity, ya 1970. Terence Hill anaingia amelala kwenye machela inayoburutwa na farasi wake, nguo zimejaa vumbi. Anashuka, anaingia kwenye hoteli ya njiani, anasukumiwa sufuria ya maharagwe na mkate, na analamba yote mpaka chuma kinang'aa, huku watu wawili wanaosaka wahalifu kwa malipo, mateka wao akiwa nao, wakimtazama kwa hasira inayogeuka mshangao. Baadaye kaka yake, Bud Spencer, anapiga watu kwa ngumi ya juu ya utosi badala ya risasi, na wakulima wanaonewa na tajiri wa farasi anayetaka bonde lao. Watoto watacheka, wazee watauliza bonde lilibaki kwa nani. Sehemu ya pili ilitoka 1971, nayo ina maharagwe vilevile.