Ghala na bei ya gunia: Mafunzo kutoka Shinyanga hadi Geita

MWEZI Juni, katika vijiji vingi vya Shinyanga, gunia la mahindi huwa na wauzaji wengi kuliko wanunuzi. Ifikapo Januari, mvua zikiwa shambani na kihenge kikiwa kitupu, familia ile ile iliyouza mahindi kwa bei ya kutupa hurudi sokoni kununua unga kwa bei ya juu.

Mahindi ni yale yale. Tofauti ni kwamba katika miezi hiyo sita yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mwenye paa, sakafu kavu na subira ya kungoja. Kwa maneno mengine, yalikuwa ghalani.

Wengi huona ghala kama jengo la kulaza mali. Katika biashara ya leo, hata hivyo, ghala ni kiungo kamili cha mnyororo unaoanza kwa mzalishaji na kuishia kwa mlaji. Kiungo hicho kikikatika, mkulima hupata hasara, kiwanda husimama na mji hulala njaa.

Kazi ya ghala

Mzigo unapofika ghalani hupokewa, hukaguliwa ubora, hupimwa uzito, hupangwa na kuandikwa katika daftari au kompyuta. Hutunzwa hadi siku ya kutolewa, na utoaji wake nao huandikwa. Kanuni kuu ni kwamba ulioingia kwanza hutoka kwanza, ili usiwepo mzigo unaoozea nyuma ya mwingine.

Kwa njia hiyo ghala huunganisha vitu viwili visivyokwenda kwa mwendo mmoja. Shamba huvuna mara moja kwa mwaka, lakini watu hula kila siku. Meli hushusha shehena kubwa kwa mkupuo, lakini mgodi hutumia vifaa vyake kidogo kidogo, usiku na mchana.

Pamba na reli

Watu wa Usukuma hawakuanza jana kuijua thamani ya ghala. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na pamba ikapata njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Nguvu ya ushirika huo ilianzia kwenye mizani na ghala la kijijini. Mkulima alipeleka pamba yake kwenye chama cha msingi, ikapimwa na kuwekwa, kisha ikapelekwa kiwandani kuchambuliwa na kufungwa marobota.

Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976. Viliporejeshwa kufuatia sheria ya mwaka 1982, vikazaliwa vyama kama SHIRECU mkoani Shinyanga. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika msimu wa 1994/95, vyama vingi vilidhoofika. Kijiji kilichobaki na ghala bovu kilibaki pia bila mahali pa kungojea bei.

Isaka na mahitaji ya migodi

Isaka, katika Wilaya ya Kahama, ni mfano wa ghala la aina nyingine. Hapo reli ya kati hukutana na barabara inayoelekea Rwanda na Burundi, na ndipo ilipojengwa bandari kavu. Kontena lililoshushwa Dar es Salaam laweza kusafiri kwa treni karibu kilomita 1,000 na kuhamishiwa kwenye lori hapo.

Faida ya mpango huo hutegemea uzima wa reli. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yaliyoharibu njia katika eneo la Kilosa yalionyesha jinsi ghala la Isaka linavyoweza kukosa mzigo kwa sababu ya daraja lililo mamia ya kilomita mbali. Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ulitiwa saini Januari 2021.

Migodi nayo imeongeza uzito wa suala hili. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Kila mgodi mkubwa huhitaji matairi ya malori, vipuri, chokaa, mafuta, baruti na sianidi ya kutenganisha dhahabu na mawe. Kwa kuwa vingi kati ya hivyo hutoka mbali, mgodi hauwezi kungoja kipuri kiagizwe baada ya mtambo kuharibika. Huweka akiba.

Akiba hiyo ina masharti yake. Baruti haihifadhiwi pamoja na viwashio vyake. Sianidi hutengwa na tindikali na hukingwa dhidi ya maji, kwa sababu mchanganyiko huo waweza kutoa gesi inayoua. Hapa daftari la ghala si suala la hesabu pekee. Ni suala la uhai.

Buzwagi ilifungwa mwaka 2021, na Serikali ikalitenga eneo lake kwa ajili ya viwanda na biashara.

Wakati huo huo, maelfu ya wachimbaji wadogo wa maeneo kama Nyarugusu na Rwamagasa hawalimi chakula chote wanachokula. Hununua mchele wa Kahama na unga wa mahindi yaliyovunwa vijijini. Mwenye ghala kati ya shamba na machimbo ndiye anayejua bei ya pande zote mbili.

Maadui wa nafaka

Ghala bovu ni hatari kuliko kukosa ghala, kwani humpa mwenye mali matumaini ya uongo. Mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Yakiwa mabichi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Adui mwingine ni dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyegunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hutoboa punje hata mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, na huweza kuacha unga mtupu. Kwa sababu hiyo wataalamu husisitiza kupukuchua mapema, kusafisha ghala kabla ya msimu, kupanga magunia juu ya chaga mbali na ukuta, na kufukiza dawa chini ya usimamizi.

Kwa upande wa Serikali, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, una kanda yake Shinyanga. Mkoa huo pia ni miongoni mwa maeneo manane yaliyochaguliwa katika mradi wa vihenge na maghala ya kisasa, uliolenga kuongeza uwezo wa Wakala kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000.

Stakabadhi ghalani

Hifadhi peke yake, hata hivyo, haimsaidii mkulima anayedaiwa ada ya shule leo. Hilo ndilo lililokusudiwa kutatuliwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005.

Chini ya mfumo huo, mkulima hupeleka mazao katika ghala lenye leseni, yakapimwa na kupangwa kwa madaraja, kisha akapewa stakabadhi yenye hati mbili: ya umiliki na ya dhamana. Kwa hati ya dhamana aweza kukopa benki sehemu ya thamani ya mazao huku akingoja bei. Mnunuzi naye hununua hati akijua mzigo upo.

Mfumo huu ulipata jina zaidi katika korosho za kusini, na katika miaka ya 2020 umepelekwa pia katika dengu na choroko za Kanda ya Ziwa. Haukupokewa kwa furaha na wote. Wapo wakulima wanaolalamikia kuchelewa kwa malipo na makato, na wapo wanunuzi waliozoea kununua mlangoni kwa mkulima.

Malalamiko hayo yana msingi wa kufikiriwa. Stakabadhi ni karatasi tu ikiwa gunia halipo, mizani imechezewa au malipo yamekawia hadi mkulima akauza kwa mlanguzi kwa lumbesa. Kuna wakulima wa mpunga ambao huweka magunia kwa mwenye mashine ya kukoboa na kungoja bei bila stakabadhi yoyote ya kisheria. Hufanya hivyo kwa kuwa wanamfahamu, wanaliona gunia lao, na fedha hulipwa siku ile ile.

Mafunzo yake ni kwamba ghala halijengwi kwa saruji na mabati peke yake. Kabla ya kupeleka mzigo, mwenye mali ana haki ya kuuliza kama ghala lina leseni na bima, kama mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, gharama za hifadhi kwa gunia ni kiasi gani, na malipo yatatoka siku ngapi baada ya mnada.

Pale majibu yanapokuwa wazi, mkulima wa Shinyanga aweza kuuacha mwezi Juni upite bila kuuza. Pale yanapokosekana, atauza Juni na kununua Januari, kama mwaka jana.