Tai ya Garcia, nyatiti ya ukutani

Nyatiti, kinubi cha Wajaluo, niliyoishika kwenye kibanda cha vinyago mjini Kisumu haikuzidi kiganja changu. Ngozi ilikuwa halisi, nyuzi zilitimia nane, shanga zimezungushwa kwenye miti yake kwa ustadi. Nikazigusa nyuzi. Kimya. Zilikuwa zimebandikwa kwa gundi.

Nikazikumbuka tai za Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani. Garcia alisomea uchoraji San Francisco kabla hajajulikana, na brashi hakuiacha. Mwaka 1992 vipande vya michoro yake vikaanza kuchapwa kwenye tai za hariri, ingawa mwenyewe jukwaani alizoeleka kwa fulana nyeusi. Alifariki 1995, tai ziliendelea kuuzwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema biashara ya tai na ya nyatiti hii ya gundi ni ile ile. Sikubali. Mchoro wa Garcia ulikaa kando ya gitaa, kwa hiyo tai haikuunyang'anya muziki wake chochote. Kwa Wajaluo, kinachotazamwa na kinachosikilizwa ni kitu kimoja. Jathum, mpiga nyatiti, hukaa kwenye kigoda, njuga za gara mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo kushika mapigo, vidole vya mikono vikicheza na nyuzi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Ondoa mlio, nyatiti imekwisha, hata ukiipamba vipi.

Wala silalamikii pesa. Katika pakruok, anayetaka kujisifu husimamisha wimbo, akatoa noti, akajigamba, na jathum akapokea chake mbele ya wote. Mwanamuziki Ayub Ogada, aliyefariki 2019, aliifikisha nyatiti kwenye majukwaa ya Ulaya, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya 2005. Hayo ni mauzo yenye jina na sauti. Sheria ya Kenya ya 2016 inalinda maarifa ya jadi ya jamii, na ni jambo jema, ila fundi mmoja mmoja bado anapotea ndani ya neno "jamii".

"Hii kaitengeneza nani?" nilimuuliza muuzaji.

"Mzee fulani wa Siaya, ndugu yangu."

"Hana inayolia?"

Akainama, akavuta kutoka chini ya meza nyatiti kubwa iliyojaa vumbi. Nilipokwangua uzi mnene, mama wa kibanda cha pili akageuka. Nyuma ya bakuli la mti, mtu alikuwa amechora herufi mbili kwa ncha ya msumari.