Kompyuta hukokotoa mzunguko wa mvuke, mhandisi ndiye hupima jibu

Mhandisi anayesanifu mtambo wa umeme wa mvuke anaweza kuujaribu kwenye kompyuta mara nyingi kabla ya chuma cha kwanza kukatwa. Programu za kuchanganua mizunguko ya themodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi, zimepunguza hesabu za siku kadhaa zikawa za dakika chache. Hata hivyo, hazijamwondolea mtumiaji wajibu wa kufikiri.

Mzunguko wa msingi katika mitambo ya mvuke una jina la William Rankine, mhandisi wa Scotland wa karne ya 19. Una hatua nne. Pampu husukuma maji hadi kwenye boila; boila huyageuza kuwa mvuke wenye shinikizo kubwa; mvuke huzungusha tabini, gurudumu lenye mapanga linaloendesha jenereta; kisha mvuke hupozwa ukawa maji tena. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: maji yale yale hurudi kwenye pampu.

Zamani wahandisi walisoma sifa za mvuke katika majedwali yaliyochapishwa na kupiga hesabu kwa mkono. Mnamo 1997 zilitolewa kanuni za kimataifa za sifa za maji na mvuke, IAPWS-IF97, zilizoundwa ili kompyuta izikokotoe upesi. Programu ya CoolProp, inayopatikana bila malipo, hutoa sifa za maji na za viowevu vingine vingi. REFPROP, ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hufanya kazi kama hiyo. CyclePad, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ililenga wanafunzi: ilimweleza mtumiaji jinsi jibu lilivyopatikana, na kumwonya makisio yake yalipopingana.

Chukua mfano wa mzunguko ambao boila yake ina shinikizo la megapaskali 6, takriban mara 59 ya shinikizo la hewa, na mvuke hupozwa kwa kilopaskali 10. Mvuke ukiingia kwenye tabini ukiwa na nyuzijoto 276 za Selsiasi, ufanisi ni takriban asilimia 35. Ukipashwa zaidi hadi nyuzijoto 500, ufanisi hupanda hadi asilimia 38. Ukitolewa katikati ya safari, kwa shinikizo la megapaskali 1, na kupashwa tena hadi 500, ufanisi hufika asilimia 40.

Faida kubwa zaidi haiko katika asilimia hizo. Katika hali ya kwanza, asilimia 30 ya uzito wa kinachotoka kwenye tabini ni maji. Matone hayo huyapiga mapanga kwa kasi na kuyala. Wasanifu hupendelea maji yasizidi takriban asilimia 10. Kwa kupashwa mara ya pili, maji hubaki asilimia 5 tu. Asiyetazama ila ufanisi hataiona hatari hiyo, ingawa programu imeiandika papo hapo.

Mtego mwingine umo katika makisio. Hesabu hizo zinachukulia kwamba tabini haina upotevu wowote. Programu ikielezwa kuwa ufanisi wa tabini yenyewe ni asilimia 85, ile asilimia 40 ya mzunguko hushuka hadi karibu 35. Ahadi ya umeme iliyojengwa juu ya tarakimu ya kwanza haitatimizwa na mtambo wowote.

Lipo pia kosa la vipimo. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba ufanisi una kikomo kinachotegemea joto la juu na la chini. Katika hali ya kwanza ya mfano wetu, kikomo hicho ni asilimia 42, kikikokotolewa kwa vipimo vya Kelvin. Mtu akiweka nyuzijoto za Selsiasi katika kanuni hiyo, kompyuta itampa asilimia 83 bila kusita.

Nchini Kenya, mvuke wa Olkaria, uliokoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, hautoki kwenye boila bali ardhini. Kwa hiyo mchanganuzi huanza na shinikizo na joto lililopimwa kisimani, si tarakimu za kitabuni. Mzunguko wa Rankine uliofungwa hautoshi kueleza mtambo ambao mvuke wake huingia kutoka nje.

Kwa hivyo, kabla ya kuliamini jibu, mtumiaji ajiulize mambo matatu: Je, liko chini ya kikomo cha Carnot? Je, unyevu wa mvuke utavumiliwa na mapanga? Je, upotevu wa mitambo umehesabiwa? Programu itajibu kila inachoulizwa. Kujua la kuuliza ni kazi ya mhandisi.