Kifungu cha 18

Moi's Bridge zamani iliitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Huku ndiko nilikokulia nikiitwa mvivu. Ukurasa mmoja ulinichukua muda ambao wenzangu walisoma mitatu. Ni chuoni nilipoambiwa hali hiyo ina jina: disleksia.

Nilipoenda kuomba muda wa ziada wa mtihani, karani alinitazama miguu, akanitazama macho. "Kijana wangu, mbona uko sawa tu?"

Nikaanza kusoma historia. Kumbe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja hata ugumu wa kujifunza, na kifungu cha 18 kilivitaka vyuo vizingatie mahitaji yetu katika mitihani, alama za kupita na ratiba za vipindi. Mwaka huohuo ndipo Autism Society of Kenya ilipoanzishwa. Watoto wa 2003 sasa ni watu wazima, wako kampasi. Sheria mpya imekuja 2025, lakini bado wengi wakisikia ulemavu wanawaza ngazi na viti vya magurudumu tu. Sisi hatudai saruji. Tunadai dakika 30, chumba kisicho na kelele, noti kabla ya kipindi.

Nilimrudia yule karani na nakala ya kifungu cha 18. Akakisoma polepole, kidole juu ya mstari, akarudia tena. Nilisubiri. Hakuna aliyemharakisha.