Hofu Isiyokaa Kabatini

Shabiki wa filamu za kutisha wa Marekani au Ulaya hutambulika kwa kabati lake. Mfululizo wa Halloween ulipoanza mwaka 1978, watengenezaji wake hawakuwa na fedha nyingi. Walichukua kinyago cha dukani cha Kapteni Kirk wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Mwaka 1982, katika sehemu ya tatu ya Friday the 13th, muuaji Jason alivaa kwa mara ya kwanza kinyago cha mlinda lango wa hoki. Vitu hivyo viwili vya bei ndogo vikazaa biashara nzima: nakala za vinyago, sanamu ndogo, mabango, kanda za VHS ambazo hazijafunguliwa, na mikutano ambako mashabiki huvilinganisha na kuuziana. Kwa kipimo hicho, wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi hazina historia yoyote ya ushabiki wa namna hii, kwa kuwa makabati hayapo. Kibovu hapo ni kipimo. Kusini mwa Tanzania, kupenda kutishwa kwa hiari ni jambo la zamani kuliko sinema, na limedumu kwa kuchezwa, kusimuliwa na kurudiwa. Waliojishughulisha kukusanya vitu vyake walikuwa zaidi wageni, na walipoondoka navyo, hofu yenyewe ilibaki nyuma.

Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995, kwa hiyo historia ya moja haitengeki kirahisi na ya nyingine. Wamwera wana mizizi mirefu hapo, na pamoja nao wapo Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Jamii hizi zina lugha mbalimbali, lakini jando na unyago vinaeleweka kwa zote. Walioikuza zaidi sanaa ya kinyago ni Wamakonde, wa upande huu wa Mto Ruvuma na wa uwanda wa Mueda nchini Msumbiji. Kwa Wamakonde wa Mueda kinyago huitwa lipiko, wingi wake mapiko: kofia ya mti mwepesi inayoingia kichwa kizima, aghalabu yenye nywele halisi za binadamu na chale zilizotengenezwa kwa nta. Upande wa Tanzania unajulikana zaidi kwa midimu, vinyago vinavyofunika uso. Mchezaji huvikwa nguo mwili mzima ili asitambulike. Wanawake, na watoto ambao hawajaingia jandoni, waliambiwa kwamba aliyesimama mbele yao hakuwa mtu aliyevaa kitu. Alikuwa kiumbe aliyetoka kwa wafu. Wakamkimbia, wakarudi kumtazama, wakakimbia tena. Kijana alipofika jandoni alifunuliwa siri kwamba ndani ya kinyago mna mtu, na tangu hapo wajibu wa kutisha wengine ukawa wake pia. Hofu ilipokezwa hivyo, kutoka kwa waliotishwa kwenda kwa watishaji, kizazi baada ya kizazi, na hapakuhitajika ghala la kuitunza.

Mkusanyaji wa kwanza mashuhuri alifika mwaka 1906. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, kusini tu mwa wilaya tunazozizungumzia, huku mkoa ukiwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Alibeba kamera ya picha za mnato, mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na kamera ya filamu. Alipiga picha ngoma, akanunua vyombo, mapambo na vinyago, kisha akatoa kitabu cha safari yake mwaka 1908. Maana yake ni kwamba kinyago cha kusini na filamu vilikutana mapema mno, miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa huko kulipa kiingilio cha sinema. Ila vyote viwili vilisafirishwa Ujerumani. Kilichofika Leipzig ni mti uliochongwa, na mti huo ukawekwa mahali ambapo mtoto na mama yake wangeweza kuutazama mchana kweupe, watakavyo. Hilo ndilo ambalo wenye kinyago walilikataza kwa nguvu zote, kwa sababu kinyago kinachoonekana na kila mtu, kikiwa kimetulia, kimeacha kazi yake. Mkusanyo wa Weule una thamani kubwa kwa mwanahistoria, lakini hausemi lolote kuhusu ni nani aliyepiga yowe, nani aliyecheka, na ngoma ya kijiji gani ilisifiwa kuliko nyingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba jando ni mafunzo na heshima, na kuliweka kundi moja na sinema ni kulidhalilisha. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama kinyago kingechezwa jandoni tu na kwa namna moja isiyobadilika. Mwanahistoria Paolo Israel, aliyechunguza mapiko ya Msumbiji kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba ngoma hiyo ilikuwa uwanja wa mashindano: vikundi vilibuni wahusika wapya na mitindo mipya, watazamaji wakahukumu nani ana ufundi, na mtindo uliochosha ukaachwa. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, chama cha FRELIMO kiliingiza ngoma hiyo katika kazi ya siasa. Nachingwea haikuwa mbali na mambo hayo, kwani kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa hapo hapo, na wapiganaji wengi walitoka katika uwanda wa Mueda. Mchezo wenye wahusika wanaorudi, wenye wapenzi wanaobishana juu ya ubora wa toleo jipya na la zamani, una kila sifa ya ushabiki. Kwamba ulibeba mafunzo ndani yake hakuondoi raha yake.

Sinema yenyewe ilichelewa kupata nafasi. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, uliijenga Nachingwea kama mji wa matrekta na vibarua, ukaleta reli kutoka pwani, kisha reli hiyo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Filamu zilizotengenezwa na serikali, ya kikoloni na baadaye ya uhuru, zilikuwa za kufundisha kilimo, afya na maendeleo. Hazikuwa na nia ya kumtisha mtu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Hofu ya kwenye kioo ilikuja kwa deki na kanda, na huku kusini ilikuja kwa shida, maana kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yaliweza kuitenga Lindi na Dar es Salaam kwa muda mrefu. Daraja lilipofunguliwa, njia ya bidhaa za Kariakoo ilifupika, na kanda zilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo.

Wakati huo huo filamu za kutisha za Kitanzania zilikuwa zinazaliwa. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, iliyochukua jina lake katika imani za Wanyakyusa kuhusu mfu anayerudi, kisha Shumileta, hadithi ya jini wa kike yenye mwangwi wa filamu za Nigeria. Mtafiti wa Kijerumani Claudia Böhme ameziandika kwa kina, akionyesha jinsi zilivyochanganya Nollywood, hadithi za mitaani na hofu za nyumbani. Ziliuzwa kwa mtindo uliokuwa wa kawaida katika Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania: sehemu ya kwanza inakatika palipo patamu, na anayetaka kujua mwisho anaisubiri ya pili. Katika miji midogo, kanda au sidii moja ilitazamwa na watu wengi ndani ya banda la video, lile ambalo watani wanaliita kibanda umiza kwa mabenchi na joto lake. Kava lilitundikwa nje kuwaita wateja hadi jua likalifuta rangi. Ndani, wapo walioijua picha kwa moyo na kuwatangulizia wenzao kwamba sasa anatokea, wapo waliobisha kwamba stelingi hafi. Filamu za kigeni nazo zilikuja na sauti ya msimulizi. Aliyevuma kuliko wote ni marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezieleza kwa Kiswahili na kuzitia maneno ambayo mtunzi wa awali hakuyawaza. Mtazamaji alilipia mchezo unaotokea pale pale, mbele ya wenzake. Kanda ilipokwisha kuchakaa, ilikuwa imefanya kazi yake.

Hapo linakuja pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi: pengine makabati hayakuwepo kwa sababu ya umaskini tu. Mkulima wa ufuta na korosho angewezaje kununua kanda ili aitazame ikiwa imefungwa? Ni kweli kwamba kukodi kulikuwa nafuu kuliko kununua, na kwamba wengi hawakuwa na umeme. Lakini umaskini unaeleza sehemu tu. Kinyago cha jandoni kilichongwa kwa mti wa porini na mtu wa kijijini. Fedha haikuwa kikwazo, na bado hakikutundikwa ukutani nyumbani, kilifichwa. Tazama pia vinyago vya shetani vya mpingo. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia Tanganyika, na anayetajwa mara zote ni Samaki Likankoa, walianza kuchonga viumbe hivyo vyenye maungo yaliyopinda katika miaka ya 1950, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam akawatafutia wanunuzi. Hivyo ni vitu vya kutisha vilivyotengenezwa makusudi kwa ajili ya rafu, na rafu zilizovipokea zilikuwa zaidi za watalii na wakusanyaji wa ng'ambo. Wachongaji walijua kabisa kutengeneza hofu ya kuwekwa. Waliitengeneza kwa wateja walioitaka hivyo, na kwao wakabaki na hofu ya kuchezwa.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine: watu wenye hofu ya kweli mlangoni wana haja gani na ya kuigiza? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, hasa wakulima waliolala mashambani kulinda mazao. Wapo walioamini kwamba baadhi ya simba hao walitumwa na watu. Mahali kama hapo, filamu ya mchawi au mfu anayerudi haitazamwi kama ndoto ya mbali. Lakini hofu ya bandani ina mipaka ambayo hofu ya shambani haina: ina kiingilio, ina saa ya kuanza, ina wenzako begani, na ina mwisho. Ngoma ya kinyago ilikuwa na mipaka hiyo hiyo. Kutishwa mahali penye mipaka, pamoja na wengine, ni njia ya kuizoea hofu bila kuumizwa nayo, na ndiyo sababu mchezo huo ulihitaji watu zaidi kuliko vitu.

Haya yana matokeo kwa anayetaka kuihifadhi historia hii. Leo muvi inaingizwa kwenye fleshi au simu kwa fedha kidogo na kufutwa kesho kupisha nyingine. Hata lile kava lililofifia halipo tena. Ni halali kwa makumbusho na Bodi ya Filamu kutafuta kanda za kwanza za Bongo Movie kabla ukungu haujazimaliza. Ila zikikusanywa peke yake tutarudia kazi ya Weule: tutakuwa na mti bila ngoma. Wanaofaa kutafutwa kwanza ni waliokuwa na mabanda Nachingwea, Ruangwa na vijiji vyake, waulizwe ni picha zipi zilirudiwa mara nyingi, zipi zilizuiwa kwa watoto, nani alisimulia, na watu walibishania nini wakati wa kutoka. Kumbukumbu hizo zimo kwa watu walio hai, wengi wao wa makamo. Kuzirekodi kunahitaji simu na jioni chache, na ushahidi wake utaipita kanda yoyote itakayookotwa.